Rakori ya Carina Nyeupe

Gari liliwaka mara ya kwanza tu, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Inspekta Bibiane Kapya alisimama katika ua wa ofisi ya upelelezi ya Likasi, mikono mgongoni, akisikiliza injini ya ile Carina nyeupe. Ilinguruma bila kukohoa. Mzee Adolphe, fundi wa magari ya polisi, aliizima, akangoja kidogo, akawasha tena. Ikaitika papo hapo.

"Unaona, Mama Inspekta?" Adolphe alisema akitoa kichwa dirishani. "Mara kumi na moja tangu jana. Motoka iko bien. Ule muntu anatuongopea tu."

"Zima kwanza, Papa Adolphe. Utamaliza esanse, na tangi iko karibu tupu."

Huyo "muntu" alikuwa Gracien Kasweka, dereva wa zahanati ya Neema kule Kikula, mwanamume wa miaka hamsini ambaye hakuwahi kuitwa polisi hata kwa kosa la taa ya nyuma. Jumanne asubuhi, saa mbili na dakika kumi, alitoka zahanati akiwa na mashine ya oksijeni ndani ya buti, akiipeleka katika chumba cha kuzalishia cha kijiji kimoja cha wavuvi, ng'ambo ya ziwa Tshangalele. Kwenye mpando wa kilomita ya kumi na nane injini ilizimika. Simu haikushika mtandao. Akafunga milango, akapanda kwa miguu hadi kwa wachoma makaa walio juu ya kilima, akapiga simu, akarudi. Dakika arobaini na tano kwa jumla. Alipofika, buti lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha, halina mkwaruzo, lakini ndani hamkuwa na kitu. Akatia ufunguo. Gari likawaka.

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yake, na hakuna aliyeiamini. Mtunza stoo wa zahanati, Hénoc, alikuwa ameandikisha maelezo mafupi: gari halijawahi kuzimika njiani, halijaingia garage tangu mwaka jana, na ufunguo wa pili wa buti ulipotea zamani. Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa sita mchana faili la Gracien lingekwenda parquet, kwa mwendesha mashtaka, na Gracien pamoja nalo.

Bibiane alilisoma faili hilo mara tatu. Kilichomkwaza hakikuwa ushahidi, bali ubovu wa uongo wenyewe. Mtu mwenye akili ya kuiba mashine na kuiuza angesema amevamiwa na watu wenye mapanga. Barabara ile ingemtetea. Huyu alisema gari lilikufa, halafu likafufuka lenyewe. Nani anatunga uongo kama huo?

Aliagiza Gracien aletwe. Alimpa kiti, akafungua daftari.

"Papa Gracien, ilizimika namna gani? Usiniambie kwamba ilizimika. Niambie namna gani."

Gracien alifikiri, macho chini. "Haikukata sawa vile muntu anazima taa, Mama. Ilianza kukosa nguvu. Minye nakanyaga, yeye anakataa. Inatetemeka, inatetemeka, kisha puu. Kimya."

"Taa za dashibodi?"

"Zilibakia. Radio ilibakia. Baba mumoja alikuwa anahubiri."

"Ulishaonaka vile mbele ya Jumanne?"

"Mara moja, karibu mwezi sasa. Nilikuwa natoka Kambove. Nikangoja, nikakunywa maji, ikawaka. Nikarudisha motoka ku zahanati, nikamwambia Hénoc. Akasema ataangalia."

Bibiane aliinua kalamu. "Ulimwambia Hénoc?"

"Ndiyo, Mama. Yeye njo anachunga motoka."

Jambo hilo halikuwamo katika maelezo ya Hénoc. Lilikuwa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine, na wa kwanza yuko mahabusu. Bibiane alilipigia mstari, akashuka uani.

"Papa Adolphe, taa zilibaki, radio ilibaki, injini ikakosa nguvu polepole. Ni nini?"

Adolphe alikuna kidevu. Kiburi kilimwachia nafasi ndogo ya kufikiri. "Kama njo vile, haiko courant ya umeme. Iko esanse. Labda ya bidon ya pembeni ya njia, yenye maji. Batu banauza esanse ya ovyo pale Kikula."

Walitoa petroli kidogo katika chupa ya maji, wakaiinua juani. Ilikuwa safi, rangi moja kutoka juu hadi chini, hakuna tone lililojitenga. Njia ya kwanza ikafungwa.

"Basi iko pompe ya esanse," Adolphe alisema. Akawasha swichi bila kupiga stata, akamwita Bibiane asogeze sikio karibu na kiti cha nyuma. Ndani ya tangi kitu kililia kama nyuki aliyefungiwa. "Unasikia? Inaimba. Pompe iko muzima."

"Inaimba. Lakini inasukuma?"

Adolphe aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayelazimika kukubali. "Ile sasa muntu hawezi kujua na masikio. Inaomba manomètre, kipimo cha presha."

Alikwenda katika kibanda chake na kurudi na sanduku jekundu ambalo polisi walipewa kama msaada miaka miwili nyuma. Ndani mlikuwa na kipimo cha presha chenye uso wa duara na mpira mrefu, na rakori kumi na mbili, yaani viungio vidogo vya chuma vya kuunganishia ule mpira na bomba la petroli, zimepangwa kama meno. Adolphe alizijaribu moja baada ya nyingine. Hakuna iliyokubali.

"Ni za motoka za sasa," alisema. "Zile ziko na valve kidogo sawa ya pineu ya gurudumu: unachomeka tu, unasoma. Hii mama muzee ya mwaka wa tisini haina valve. Iko na buloni hii tu."

Alionyesha chujio la petroli, kopo jeusi lililojificha nyuma ya injini. Bomba lilishikwa juu yake kwa buloni nene, bolti yenye tundu katikati, ambamo petroli hupita. Ili kupima presha, alieleza, ni lazima utoe buloni hiyo na kuweka rakori yenye umbo lilelile, lakini yenye mdomo wa ziada wa kushikia kipimo. Bila rakori hiyo, hakuna kipimo. Bila kipimo, kilichobaki ni kubashiri.

Akaifungua buloni kwa tahadhari, kitambaa chini yake. Alipoiinua, Bibiane alimshika mkono.

"Ngoja. Zile pete."

Buloni ilikaa kati ya pete mbili za shaba, za kuzuia petroli isivuje. Chujio lilikuwa limevaa vumbi na mafuta ya miaka. Pete ziling'aa, nyekundu, kama zimetoka kiwandani wiki ile. Watu wa Likasi wanaijua shaba. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba shaba ya mwaka mmoja karibu na injini haiwi na rangi hiyo.

"Muntu alifungua hapa," Adolphe alisema kwa sauti ya chini. "Haiko kitambo."

"Na motoka haijaingia garage tangu mwaka jana," Bibiane alisema, na akaandika.

Saa tano alikuwa Kikula, sokoni, mbele ya mama mmoja aliyeuza buloni kuukuu katika makopo ya maziwa ya unga. Mama huyo alikuwa na jicho kali kuliko mizani. Aliipima buloni ya Carina kiganjani, akachovya mkono katika kopo la tatu, akatoa kipande cha shaba nyeupe chenye midomo miwili.

"Hii hapa, Mama. Unene ni moja."

Kweli unene ulikuwa mmoja. Bibiane alirudi nayo ofisini akiwa na furaha ambayo haikudumu. Rakori iliingia kwenye chujio kwa vidole, mizunguko miwili, halafu ikagoma. Askari mmoja aliyekuwa anatazama alinyoosha mkono achukue spana.

"Apana!" Adolphe alimkemea. "Ukilazimisha, unakula nyuzi za chujio, na hatutapima kintu tena." Akaitoa, akaiweka kando ya buloni ya asili. "Angalia, Mama Inspekta. Unene ni uleule, milimita kumi na mbili. Lakini nyuzi za hii ziko mbali-mbali, za ile ziko karibu-karibu. Haziwezi kusikilizana."

"Nani mu Likasi anaweza kutengeneza moja yenye nyuzi za karibu?"

Adolphe hakufikiri hata kidogo. "Dominique. Ule turneri wa mutaa wa Panda, mwenye kukata vyuma."

Mzee Dominique alikuwa amekata chuma katika karakana za mgodi kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alinunua mashine ya zamani na kuifunga nyuma ya nyumba yake, chini ya mabati. Bibiane alimkuta ameketi kwenye kigoda, miwani kwenye paji la uso, anakunywa chai ya maziwa. Alipokea buloni kama daktari anavyopokea mkono wa mgonjwa. Alitoa kitana kidogo cha chuma chenye meno ya kupimia nyuzi, akakilaza juu ya buloni, akakiinua kwenye mwanga. Hakuna mwanya ulioonekana.

"Kumi na mbili, na nyuzi za moja nukta mbili tano," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Mama, kama ni rakori ya hii unataka, umekuya na kuchelewa. Nilishaitengenezaka."

Bibiane alijizuia asiharakishe. Alivuta kigoda kingine, akaketi. "Lini, Papa?"

"Mwezi uliopita. Juma ya kabla ya Pentecôte. Najua sababu nilimaliza ile kazi nikaenda mazoezi ya kuimba ya chorale."

"Ulimutengenezea nani?"

"Parfait. Ule wa garage ya pembeni ya reli. Alikuya na buloni sawa hii, akasema iko na motoka ya kuzeeka, manomètre yake inakataa. Nikamukatia ile rakori mu saa mbili. Na pete za shaba, nne. Mbili za kupimia, mbili za kufungia."

"Pete mpya?"

"Mama," Dominique alisema, kidogo amekwazika, "minye sifanyaka na pete za kuzeeka."

Bibiane alimshukuru, akainuka. Alikuwa amekuja kutafuta kipande cha chuma, na sasa kipande hicho kilikuwa na jina la mtu na tarehe.

Garage ya Parfait ilikuwa ua mmoja wenye magari saba, manne yakiwa hayana magurudumu. Parfait mwenyewe alitoka chini ya lori, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, anafuta mikono kwenye ovaroli. Bibiane hakutaja gari. Hakutaja Gracien wala Hénoc. Alisema tu kwamba polisi wanahitaji kuazima rakori ya kupimia presha, ile aliyokatiwa na Papa Dominique.

"Hakuna shida, Mama Inspekta." Parfait aliingia katika kontena, akarudi nayo imefungwa katika gazeti: chuma kilichokatwa vizuri, nyuzi zake laini, mdomo wa ziada juu. "Lakini mutairudisha, hein? Ingawa naona itakaa tu. Iko motoka moja tu hapa naitumikishia."

"Gani hiyo?"

"Carina nyeupe. Ya zahanati ya Neema."

"Ilikuwa na shida gani?"

Parfait alijikuna shingoni kwa kifundo cha mkono, mahali pekee pasipo na grisi. "Ile ilinisumbua, Mama. Ukiwasha, presha iko muzuri, baa mbili na nusu na zaidi. Ningesema iko bien, nairudisha. Lakini walisema inazimika njiani. Bon, nikaacha injini inatembea, minye nakula. Nusu saa inapita, naona mushale unashuka. Inashuka, inashuka, injini inakufa. Nikapima saa: dakika makumi tatu na moja. Nikaacha ipoe, ikawaka. Siku ya kufuata, nikarudia. Makumi tatu na mbili. Pompe inachoka na moto. Zaidi kama tangi haiko na esanse mingi, sababu esanse njo inaipozaka."

"Nani aliileta?"

"Hénoc, wa stoo. Nikamuelezea yote. Akaniuliza mara mbili: 'Dakika makumi tatu na moja, uko sure?' Nikasema niko sure. Nikamwambia asiiache itembee na ile pompe. Akasema atatafuta ingine." Parfait alimtazama. "Kuko mubaya, Mama?"

"Kuko dereva mahabusu, Parfait. Utaandika haya yote kwenye karatasi, na utasaini?"

"Hata sasa," Parfait alisema, na akaenda kunawa mikono.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi Hénoc aliitwa ofisini ili, kwa mujibu wa askari aliyempelekea ujumbe, aangalie gari la zahanati kabla halijarudishwa. Alifika kwa wakati, shati limepigwa pasi, mtu wa miaka arobaini mwenye sauti ya upole. Alisalimia kila mtu. Alimuuliza Adolphe habari za mguu wake. Bibiane alimpa kiti kivulini.

Rakori ya Dominique iliingia kwenye chujio kwa vidole viwili hadi mwisho, bila kugoma. Adolphe aliikaza robo mzunguko kwa spana, akaunganisha mpira, akaning'iniza kipimo kwenye boneti. Hakuna aliyemweleza Hénoc kitu kinachopimwa, wala muda utakaochukua. Injini iliwashwa. Mshale ukaruka hadi baa mbili na nusu na kupita kidogo, ukatulia hapo.

"Iko muzuri," Hénoc alisema. "Nilisema, hii motoka haina neno."

Adolphe alishika mwendo wa injini juu kidogo, kama gari linalopanda mlima. Dakika kumi. Hénoc alizungumza juu ya mvua, juu ya barabara ya ziwa. Dakika ishirini. Bibiane hakuangalia mshale. Mshale alikuwa nao Adolphe. Yeye alimwangalia mtu aliyekuwa kwenye kiti.

Dakika ya ishirini na tano Hénoc aliacha kuongea. Ya ishirini na nane aligeuza mkono wake polepole, akaangalia saa. Ya ishirini na tisa akaangalia tena. Hakuwa na gari la kuwahi, wala mtu wa kukutana naye. Askari wawili walikuwa wameangalia saa zao pia, wakapiga miayo, wakaacha. Hénoc peke yake aliangalia saa kama mtu anayengoja kitu anachokijua.

"Mama Inspekta," Adolphe aliita. "Unashuka."

Mbili. Moja na nusu. Injini ikatetemeka, ikavuta pumzi moja, ikafa. Ilikuwa dakika ya thelathini na moja. Taa za dashibodi zilibaki zikiwaka.

Bibiane alikwenda akasimama mbele ya Hénoc.

"Dakika tatu kabla ya injini kufa, uliangalia saa. Hakuna muntu alikuambia tunangoja nini."

Hénoc aliifunika saa yake kwa mkono wa shati.

Bibiane alitoa karatasi ya Parfait, akaikunjua, hakuisoma. Alimwonyesha tu saini. "Ulisema motoka haijaingia garage. Iliingia, na weye njo uliipeleka. Ulisema ufunguo wa pili ulipotea. Weka funguo zako hapa juu ya boneti, tafadhali."

Hénoc alizitoa mwenyewe. Kulikuwa na funguo tisa kwenye kishikizo kimoja. Kabla Adolphe hajazigusa, Hénoc aliuchomoa mmoja, mdogo, wenye kichwa cheusi, akauweka kando.

"Njo huu," alisema. "Musisumbuke."

Ofisini alikataa maji. Aliongea akiangalia meza, bila kulia na bila kujitetea sana. Jumanne alikuwa amemfuata Gracien kwa pikipiki, kwa mbali. Alijua gari litakufia wapi, na alijua kwamba pale simu haishiki. Gracien alipopanda kilima, alifungua buti kwa ufunguo ule, akaifunga mashine nyuma ya pikipiki.

"Kwa nini hukuitoa mashine mu stoo?" Bibiane aliuliza.

"Stoo ni minye. Wangenijua siku ileile. Njiani wangesema ni bandi, wezi wa barabara. Niliwaza batasema bandi."

"Hawakusema bandi. Walisema Gracien."

"Nilijua siku ya Jumatano. Ningeweza kusema. Sikusema."

"Uliiuza wapi?"

Hapo ndipo Hénoc alipoinua uso kwa mara ya kwanza. "Sikuuza, Mama. Iko Kakanda. Iko na papa yangu."

Baba yake, Georges, alikuwa amefanya kazi ya migodi tangu ujanani, na vumbi lilikuwa limekaa mapafuni kwa miaka mingi kabla halijaanza kumkaba. Tangu mvua zilipokatika hakuweza kulala chali. Hénoc alikuwa ameona mashine ile inafika zahanati, ameifungua mwenyewe, amesaini karatasi yake, na kila asubuhi kwa siku tisa alikuwa anaipita mle stoo. Alieleza hayo kwa maneno machache. Kisha akauliza kama avue mkanda wake, kama mahabusu wote, sasa au baadaye.

Saa nne na dakika ishirini Bibiane alipanda mwenyewe ofisini kwa bosi wake akiwa na karatasi tatu: ya Parfait, ya kipimo, na ya Hénoc. Alishuka na moja tu, ya kumwachia Gracien, yenye muhuri. Gracien alirudishiwa mkanda, viatu na simu yake. Aliangalia simu zote ambazo mke wake alikuwa amempigia, akazihesabu kwa kidole, akatabasamu.

"Papa Gracien, nenda nyumbani, ukaoge. Lakini kwanza ninakuomba kintu kimoja," Bibiane alisema. "Weye njo ulisaini nambari ya ile mashine. Nahitaji muntu wa kuitambua kule Kakanda."

Gracien hakuoga. Alipiga simu nyumbani, akasema yuko huru, akasema atachelewa chakula, na akapanda jipu la polisi.

Walipitia hospitali kwanza. Bibiane alikuwa ameongea na daktari wa zamu kwa simu, akapata kitanda kimoja chenye oksijeni ukutani, na chupa ndogo ya oksijeni ya safari. Askari aliyeendesha aliuliza kama hiyo nayo ni kazi ya upelelezi. Bibiane alimwambia aangalie barabara.

Nyumba ya Kakanda ilikuwa ya matofali, safi, yenye pazia la kijani mlangoni. Binti mmoja wa ndugu alifungua, akaona sare, akasogea kando bila kuuliza. Mashine ilikuwa pembeni mwa kitanda, inavuma. Gracien alichutama, akasoma nambari iliyobandikwa nyuma, akailinganisha na karatasi. Akaitika kwa kichwa.

"Njo yenyewe."

Mzee Georges aliketi ameegemea mito mitatu, mrija mwembamba puani, mikono mikubwa juu ya shuka. Alikuwa na pumzi ya kutosha kwa maneno machache kwa wakati mmoja, na aliyatumia kuwakaribisha.

"Muko batu ba Hénoc?"

Bibiane alikuwa na sentensi tayari, ameitengeneza njiani, ya kisheria na ya upole. Hakuitamka. Alimwambia mzee kwamba wamekuja kumpeleka hospitali ya Likasi, kwamba kuna kitanda kinachomngoja, na kwamba mashine hii inahitajika ziwani, kwa watoto wanaozaliwa. Mengine angeelezwa baadaye, na Hénoc mwenyewe.

"Bana batoto," mzee alisema, akafikiri. "Bon. Bapatie."

Walibadilisha mrija kutoka mashine hadi chupa. Kisha ikabaki kazi ya kumtoa. Machela haikupita kwenye kona ya mlango. Askari alianza kuzunguka nyumba akitafuta njia nyingine. Gracien hakungoja. Aliinama, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mzee, mwingine mgongoni, akamwinua taratibu, huku Bibiane akitembea nyuma yao na chupa mkononi. Mzee hakuwa mzito tena. Walivuka pazia la kijani, wakatoka juani.

"Unanibeba muzuri," mzee Georges alisema, kichwa kimeegemea shati alilokuwa nalo Gracien tangu Jumanne. Alivuta pumzi. "Weye njo nani, mwana yangu?"

Gracien alimweka kwenye kiti cha jipu, akamnyooshea mguu mmoja, kisha mwingine, akamfunika magoti kwa shuka.

"Minye niko dereva wa zahanati, Papa," alisema. "Tunafanyaka kazi na Hénoc."